Marehemu ni Nani? Ufufuo, Msamaha na Kaburi la Aliyejiua

Neno marehemu limetuzoea mno hata hatulisikii tena. Asili yake ni Kiarabu, na shina lake ni lile lile lililotupatia rehema na kurehemu. Maana yake ya kwanza ni mtu aliyerehemiwa. Mzungumzaji wa Kiswahili anapolitamka hatangulii kuuliza huyo aliyekufa alikufa vipi, alikuwa wa dhehebu gani, wala kama alilipa zaka. Humrehemu kwanza, kisha ndipo humtaja jina. (Nawaachia wenzetu wa isimu jamii mjadala wa kwa nini siku hizi magazeti humwita kiongozi hayati na kumwachia mwananchi wa kawaida neno marehemu, kana kwamba rehema ni cheo cha chini.)

Hata hivyo, hapa Kakamega na katika kaunti za jirani yuko mfu mmoja anayeitwa marehemu kwa ulimi na kunyimwa rehema kwa vitendo. Huyo ni aliyejiua. Nakusudia kudai katika makala haya kwamba kumnyima mtu huyo ibada ya mazishi hakulingani na imani ya Kikristo juu ya ufufuo na ondoleo la dhambi, na kwamba sisi wanafunzi wa Kiswahili, ambao kazi yetu ni maneno, tuna jambo la kusema hapo. Haitoshi kuwaachia wachungaji na wanateolojia peke yao.

Yeyote aliyehudhuria mazishi ya aina hiyo katika eneo hili anazijua dalili. Jeneza halilali nyumbani usiku mwingi wa nyimbo kama ilivyo ada. Mazishi hufanywa mapema, pengine kabla ya jua kupanda. Kaburi huchimbwa pembeni, karibu na ua au mpaka wa shamba, wala si mbele ya nyumba walipolala wazee. Mchungaji hafiki, au akifika huja bila joho, husimama nyuma kama jirani tu, na mzee wa kanisa ndiye anayeombwa aseme neno moja la kuwafariji wafiwa. Wasifu wa marehemu, ambao katika mazishi mengine husomwa kwa madaha kuanzia shule ya chekechea hadi kustaafu, hufupishwa. Tasfida hufanya kazi yake: utasikia kwamba alituacha ghafla, au kwamba aliugua kwa muda mfupi. Kila aliyesimama pale anajua, na kila mmoja anajifanya hajui. Mama mzazi hujizuia kulia kwa sauti. Nionavyo mimi, hilo la mwisho ndilo zito kuliko yote.

Sehemu ya mwenendo huo ni urithi wa mila. Katika jamii nyingi za Waluhya kifo cha namna hiyo kilihesabiwa kuwa najisi inayoweza kuhama kutoka mtu hadi mtu. Mti uliohusika ulikatwa na kung'olewa, maombolezo yalikatazwa, na matambiko yalifanywa ili ukoo utakaswe. Günter Wagner, aliyefanya utafiti miongoni mwa Walogoli na Wabukusu katika miaka ya 1930, na wanaanthropolojia waliomfuata, waliyaandika hayo. Simdharau babu yangu kwa hofu yake. Mila ilikuwa na mantiki yake: haikudai kuijua hatima ya roho ya marehemu, ilitaka tu kuwalinda waliobaki. Kanisa lilipokuja lilizikataa sadaka na matambiko ya utakaso, lakini lilikibakiza kile kimya, likakivika vazi la teolojia. Kwa hiyo familia ya leo imepoteza kote kuwili. Haina mzee wa kuitakasa, na haina mchungaji wa kuiombea.

Tuitazame sasa imani yenyewe. Katika Kanuni ya Imani ya Mitume kifungu cha maondoleo ya dhambi hutangulia kile cha ufufuo wa mwili, na hapana kingine kati yake. Wengine husema ufufuo, wengine ufufuko. Biblia ya Union ya mwaka 1952 hulitumia hata neno kiyama, neno ambalo ndugu zetu wa pwani walikuwa wakilitumia katika tenzi zao kwa karne kadhaa kabla ya misheni yoyote kuanzishwa huku bara. Ujirani huo wa vifungu viwili si bahati nasibu. Mtume Paulo, katika sura ya 15 ya Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, anaifanya hoja ya ufufuo kuwa hoja ya dhambi: kama Kristo hakufufuka, anasema, basi waumini wangali katika dhambi zao. Kwa maneno mengine, mtu hawezi kuhubiri ufufuo Jumapili ya Pasaka na kuuondoa msamaha Jumamosi ya mazishi. Akiuondoa mmoja, na mwingine umeondoka naye.

Lugha yetu yenyewe inadokeza jambo hilo. Kitenzi kufufua kinabeba ndani yake ile -fu ya mfu, na kwa umbo kinafanana na vitenzi vyetu vya kutendua: funga na fungua, ziba na zibua. Ni kana kwamba Kiswahili kinakiona kifo kuwa fundo linaloweza kufunguliwa. Kusamehe nako, licha ya kuwa ni neno la mkopo, tumekuzoea katika habari za madeni: mtu husamehewa deni, husamehewa kodi. Injili ya Mathayo, katika sala aliyoifundisha Yesu, hutumia lugha hiyo hiyo ya deni. Na deni, kama ajuavyo kila mfanyabiashara wa soko la Kakamega, husamehewa na mwenye kudai. Mtu wa tatu hana mamlaka ya kulisamehe, wala hana mamlaka ya kutangaza kwamba halitasamehewa kamwe. Mchungaji anayekataa kumwombea aliyejiua hudhani anakaa kimya; kwa kweli anatangaza hukumu juu ya deni lisilo lake.

Watetezi wa msimamo huo hupenda kusema kwamba Maandiko yanakataza. Yanakataza kuua, hilo halina ubishi. Lakini yanasemaje kuhusu mazishi? Mfalme Sauli alijiangukia juu ya upanga wake. Watu wa Yabesh-Gileadi waliposikia walivyotendewa maiti yake walitembea usiku kucha, wakauchukua mwili wake na miili ya wanawe, wakaizika mifupa chini ya mti, wakafunga siku saba. Habari hizo zinakifunga Kitabu cha Kwanza cha Samweli, na hapana neno hata moja la kuwalaumu. Ahithofeli, mshauri wa Absalomu, alipoona shauri lake halikufuatwa alirudi kwao, akaitengeneza nyumba yake, akajinyonga. Kitabu cha Pili cha Samweli, sura ya 17, kinaeleza kwamba alizikwa katika kaburi la baba yake. Narudia: katika kaburi la baba yake, si pembeni ya ua. Samsoni naye aliyeliangusha jengo juu ya Wafilisti na juu yake mwenyewe alizikwa na ndugu zake katika kaburi la baba yake Manoa, na Waraka kwa Waebrania ukamweka katika orodha ya mashujaa wa imani. Najua kuna watakaosema kwamba Samsoni alikufa vitani. Na iwe hivyo. Wanibakie Sauli na Ahithofeli.

Kanuni ya kuwanyima ibada waliojiua basi imetoka wapi? Haikutoka katika Agano Jipya. Augustino, Askofu wa Hippo huko Afrika ya Kaskazini, aliandika mwanzoni mwa karne ya 5 kukipinga kitendo hicho kwa nguvu, na mtaguso wa Braga wa karne ya 6 ukapiga marufuku maadhimisho ya kanisa kwa waliojiua. Marufuku hiyo ilidumu. Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1917 iliwataja waziwazi miongoni mwa wasiostahili mazishi ya kanisa kama walijiua kwa kudhamiria. Lakini Sheria mpya ya mwaka 1983 imewaondoa katika orodha hiyo, na Katekisimu ya mwaka 1992 inafundisha kwamba wasiwasi mkubwa wa nafsi, hofu au mateso huweza kuupunguza uzito wa wajibu wa mtu, na kwamba hatupaswi kukata tamaa juu ya wokovu wa milele wa waliojitoa uhai. Mabadiliko hayo yalianza zaidi ya miaka 40 iliyopita. Inashangaza kuona jinsi yanavyosafiri polepole kutoka Roma hadi vigango vya vijijini mwetu, ilhali habari nyingine zote za Roma hutufikia siku hiyo hiyo.

Tusidhani kwamba ni Wakristo pekee waliotatizwa na suala hili. Majirani zetu Waislamu wa Mumias wanaijua hadithi isemayo kwamba Mtume Muhammad hakumsalia mtu aliyejiua. Hata hivyo, wanazuoni wa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yanayofuatwa zaidi katika Afrika Mashariki, hawakuichukua kuwa amri ya kuwazuia watu wote. Aliyejiua huoshwa, husaliwa na kuzikwa pamoja na Waislamu wenzake. Dhambi haikupunguzwa uzito, na jirani hakunyimwa dua.

Lipo jambo la historia ya eneo letu linalonifanya nione kwamba kimya cha makanisa ya Magharibi ni kigeni kwa tabia yake yenyewe. Wamisionari wa Friends walifika Kaimosi mwaka 1902, na ilipofika mwaka 1927 pakatokea huko uamsho ambao haujasahaulika. Watu walisimama mbele ya wenzao wakakiri dhambi zao kwa sauti, wakalia, wakatetemeka. Viongozi wengine wa misheni waliogopa, wakaupinga, na baadhi ya waumini wakajikuta nje ya kanisa. Miongoni mwao ndimo yalimochipuka makanisa ya Roho ambayo mpaka leo tunayaona barabarani yakiandamana kwa kanzu nyeupe. Mwaka 1942 Zakayo Kivuli, aliyekuwa msimamizi katika misheni ya Kipentekoste ya Nyang'ori, alianzisha kanisa la African Israel Church Nineveh. F. B. Welbourn na B. A. Ogot walilitafiti kanisa hilo katika kitabu chao cha mwaka 1966, na mwaka 1975 likawa mwanachama wa Baraza la Makanisa Ulimwenguni. Kinachonivutia kwa Kivuli ni ratiba yake. Ijumaa, siku ya kifo cha Bwana, aliifanya siku ya kuungama. Jumapili ni siku ya furaha, ya ngoma, bendera na maandamano. Msamaha na ufufuo vimewekwa katika juma moja, na muumini huvipitia kwa miguu.

Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba Mkristo wa Magharibi mwa Kenya hajui kusema mambo mazito hadharani. Amekuwa akiungama wizi, uzinzi na uchawi mbele ya halaiki kwa karibu karne nzima. Kwa nini basi kauli kwamba nimechoka kuishi haina Ijumaa yake? Kwa nini mtu anaweza kusimama akasema alimwibia jirani ng'ombe, akashangiliwa na kuimbiwa, lakini hawezi kusema kwamba usiku wa jana alitamani asiamke? Nadhani jibu liko katika yale makaburi ya pembeni. Kila mtu amekwisha kuona anayekufa hivyo anatendewaje.

Hapa ndipo wanaoipinga hoja yangu wana neno lao zito, na sipendi kulipita haraka. Husema: mkiwazika kwa ibada kamili, mkatangaza tumaini la ufufuo juu ya jeneza, je, hamtawafungulia wengine mlango? Ukali wa kanisa, kwa maoni yao, ni uzio. Nauheshimu wasiwasi huo. Anayewazia kujiua hapaswi kuambiwa kwamba kifo ni njia nzuri, na sisemi kwamba mhubiri akisifu kitendo hicho au akieleze kwa kina. Lakini uzio huo unamzuia nani? Aliyekufa hauoni. Wanaouona ni mjane, watoto na mama, na ndio tunaowaadhibu. Yule kijana aliye ukingoni, aliyesimama nyuma ya umati akitazama mazishi yasiyo na wimbo, hafundishwi kuyapenda maisha. Anafundishwa kufunga kinywa. Na kinachomtoa mtu ukingoni, mara nyingi, ni kupata mtu wa kumwambia.

Serikali yenyewe ilijaribu uzio wa namna hiyo. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa, na aliyenusurika aliweza kufungwa hadi miaka miwili. Mtu alitoka hospitalini akapelekwa kizimbani. Mnamo Januari 2025 Mahakama Kuu jijini Nairobi ilitamka kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume na Katiba. Dola, ambayo haikuahidi kumsamehe mtu yeyote wala kumfufua, imemwona mtu huyo kuwa mgonjwa anayehitaji tiba. Itakuwa ajabu kama kanisa, lenye ahadi zote mbili mikononi, litabaki nyuma ya hakimu.

Pingamizi jingine ni lile la muda: kwamba aliyejiua hakupata nafasi ya kutubu. Nani aliyekuwepo? Mwivi aliyesulubiwa kando ya Yesu alitubu katika saa yake ya mwisho, na Luka pekee ndiye aliyetuhifadhia habari hiyo. Wainjili wengine watatu hawaitaji toba yake. Kama tungekuwa na Marko peke yake tungesema mtu huyo alikufa akitukana. Basi tuwe na haya kidogo kuhusu saa za mwisho ambazo hatuna hata Marko wa kutusimulia.

Nirudi katika uwanja wetu. Tukilitazama neno alijiua kwa jicho la sarufi tunaona kiambishi -ji-, kirejeshi kinachomfanya mtenda na mtendwa kuwa nafsi moja. Kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua kulichanganua: a- ni kiima, -ji- ni yambwa, na vyote viwili vinamrejelea mtu yule yule. Mazishi yetu yanasoma nusu tu ya sentensi hiyo. Yanamwona muuaji na kumhukumu. Hayamwoni aliyeuawa, ambaye katika kifo kingine chochote angeliliwa. Sisemi kwamba sarufi inathibitisha teolojia. Nasema tu kwamba Kiswahili hakituruhusu kumtaja mkosaji bila kumtaja, kwa pumzi ile ile, mhasiriwa wake.

Mwandishi aliyelielewa hilo mapema ni Euphrase Kezilahabi. Katika Rosa Mistika, riwaya ya mwaka 1971 iliyopata kupigwa marufuku katika shule za Tanzania, Rosa anajiua. Mwandishi angeweza kuifunga hadithi hapo, na wasomaji wengi wangeridhika kuwa huo ni mshahara wa dhambi. Badala yake anatupeleka mbele ya Mungu, na hapo Rosa ana jambo la kumshtakia baba yake Zakaria, mlevi aliyemlea kwa ngumi na vitisho. Swali linageuka: haliwi tena kwamba binti huyu alifanya nini, bali waliomzunguka walimfanya nini hata akafika hapo. Miaka mitatu baadaye, katika Kichwamaji, Kazimoto naye anajiua, na safari hii hapana mahakama ya mbinguni, maswali tu. Wahakiki wetu wamezoea kumsoma Kezilahabi kwa miwani ya udhanaishi, na wana sababu. Ila mtu aliyelelewa katika Ukatoliki wa Ukerewe, akapita seminari, hakuandika kesi ile ya Rosa kwa kusoma wanafalsafa wa Ulaya peke yao. Naiona kuwa ni mahubiri ya mazishi ambayo Rosa asingeyapata kanisani mnamo mwaka 1971, wakati Sheria ya 1917 ilikuwa bado inatumika. Ningependa kumwona mwenzetu mmoja akiliandikia tasnifu jambo hilo.

Kuna na kazi nyingine inayotungoja nje ya maktaba. Tunafundishwa tenzi za kiyama za pwani, na Al-Inkishafi tunaijua vyema, jinsi mshairi anavyoulaumu moyo wake mbele ya magofu ya Pate. Ni haki yake. Lakini mahubiri ya mazishi ya Kakamega, yanayochanganya Kiswahili cha Biblia na Kiluhya cha nyumbani, yenye viitikio, nyimbo, methali na ishara za mwili, hatuyahesabu kuwa fasihi. Hayarekodiwi wala hayahakikiwi. Matokeo yake ni kwamba mhubiri hana anayemkosoa. Kama tungekuwa na mkusanyiko wa mahubiri 50 tu, kutoka kwa Wakatoliki wa Mukumu, Friends, Wapentekoste na watu wa Nineveh, tungeweza kumwonyesha mchungaji kwa ushahidi ni maneno gani yanayotumika juu ya jeneza la mgonjwa wa malaria na ni yapi yanayokosekana juu ya jeneza la aliyejiua. Ruhusa ya wafiwa itafutwe kwanza, na majina yafichwe. Kuna familia ambazo hazitaki, nazo ziachwe.

Tunapolingojea hilo, lipo linalowezekana mara moja. Makanisa mengi hapa yana vitabu vya ibada vilivyochapishwa, na sala za mazishi zilizomo hazina pengo la kujaza namna ya kifo. Zina nafasi ya jina tu. Mchungaji anayeombwa kesho kumzika mtu wa aina hii afungue ukurasa ule ule aliosomea wengine, aliweke jina mahali pake, aisome mpaka mwisho kwa sauti ambayo mama wa marehemu ataisikia.